Kozi za pratiki Lubumbashi: ana kwa ana au mseto?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, mbele ya valvu (mbao za matangazo) za fakilte na kwenye magrupu ya WhatsApp ya promosheni (wanafunzi wa mwaka mmoja), CP, kiongozi wa promosheni, huulizwa jambo moja kabla hata horeri (ratiba) haijatoka: kozi hii tutaisomea yote darasani, au sehemu yake tutaifuata kwenye simu? Kwa kozi ya historia ya siasa mtu anaweza kujibu vyovyote na asipotee sana. Kwa kemia ya uchambuzi, jiolojia ya shambani, uuguzi, upimaji wa ardhi au umeme wa viwandani, jibu lina uzito. Huku kwetu migodi na hospitali ndizo zinazopokea vijana wetu, na siku ya kwanza tu mkuu wa timu anajua nani aliwahi kushika chombo na nani alikiona kwa mbali, nyuma ya migongo ya wenzake.

Naziweka njia hizi mbili bega kwa bega kwa ajili ya mwanafunzi anayepaswa kuchagua, au anayetaka kujua adai nini pale ambapo fakilte imeshamchagulia. Msimamo wangu nausema mapema: pima kozi kwa dakika ambazo mkono wako utashika chombo huku mtu anayejua akikuangalia. Oditwari, simu, silabusi nzuri, vyote vihukumiwe kwa kipimo hicho.

Kuna mkanganyiko mmoja wa kuondoa kwanza. Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi alipotangaza kufungwa kwa shule na vyuo vikuu kwa sababu ya Covid-19, walimu kadhaa walituma PDF na sauti za WhatsApp, na wanafunzi wengi wakabaki na kumbukumbu mbaya. Ile ilikuwa dharura, tusiihesabu kuwa mseto. Mseto wenyewe ni hivi: maelezo, video ya hatua na maswali ya kujipima unavifanya peke yako, kisha unakuja labo, hospitalini au shambani kufanya kazi yenyewe, na sehemu hizo mbili zimefungwa pamoja kiasi kwamba usipofanya ya kwanza, ya pili itakushinda.

Mfumo wa LMD (Lisansi, Masta, Dokta), uliopanuliwa katika vyuo vyetu kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umeupa mseto nafasi. Krediti ni 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi ya miaka 3, na ndani yake kazi binafsi ya mwanafunzi nayo inahesabiwa. Ni jambo jema, ila limefungua mlango mwingine: mwalimu asiyetaka kuja anaweza kuita kutokuwepo kwake kazi binafsi ya mwanafunzi. Tutarudi huko.

Ana kwa ana tunayoijua

Wanaotetea darasa wana hoja nzito. Asistenti aliyesimama karibu nawe anaona kidole kilivyokaa vibaya kwenye pipeti kabla wewe hujajua kuna kosa. Unauliza, unajibiwa palepale, na mara nyingi jibu linakuja kwa Kiswahili baada ya Kifaransa cha silabusi kukushinda. Hilo peke yake, wanafunzi waliotoka shule za mbali wanalithamini kuliko kitu kingine chochote. Halafu labo huzaa urafiki: uliyesafisha naye vyombo ndiye atakayekuazima kaye (daftari) ukiugua.

Lakini tuseme pia ukweli wa promosheni za mwaka wa kwanza na wa pili. Watu ni wengi, hadubini ni chache, nyingine hazina taa. Walio mbele wanagusa, wa katikati wanaona, wa nyuma wananyoosha shingo kama watu wanaochungulia mechi dirishani kwa jirani. Ripoti ya pratiki inaandikwa na wawili na kunakiliwa na kundi zima. Kwenye horeri zimeandikwa saa 4 za pratiki, na mwanafunzi wa nyuma ametoka bila kushika hata tyubu. Huyo akikuambia anapenda ana kwa ana, muulize: ana kwa ana na nani?

Mseto uliopangwa vizuri unaingilia hapo hapo. Maelezo ambayo asistenti huyarudia kwa saa nzima mbele ya umati yakihamia kwenye video ya dakika 12, saa ile inakuwa huru na vikundi vidogo vinaingia labo kwa zamu. Lakini maelezo yakihamia kwenye simu na vikundi visigawanywe, umekosa huku na kule: hukuelezwa, hukushika. Ukisikiliza kwa makini malalamiko ya wanafunzi juu ya mseto, mengi yanatoka hapa. Video yenyewe hawana ugomvi nayo. Wanachokichukia ni video iliyokula pratiki.

Labo ya kemia

Chukua titresheni, pratiki ambayo kila mtu wa kemia, famasia, agronomia au metalurjia hupitia. Unadondosha hidroksidi ya sodiamu kutoka kwenye bureti (mrija wenye vipimo) hadi kwenye asidi iliyotiwa fenolftaleini, kiashiria cha rangi, na kioevu kisicho na rangi kinageuka waridi hafifu. Kwenye video waridi linatokea, unasema umeelewa. Kwenye mkono mambo ni mengine: mkono mmoja uko kwenye robine (koki ya bureti), mwingine unazungusha chupa, macho yako kwenye rangi, na tone moja la ziada linakuwekea waridi kali. Kipimo kimeharibika, unaanza upya. Ule wepesi wa kufunga robine nusu sekunde kabla hakuna filamu inayoufundisha.

Sasa geuza upande wa pili. Kwa nini bureti husuuzwa kwa kioevu kile kile kitakachotiwa ndani? Kwa nini unasoma kiwango jicho likiwa sawa na mstari, na si kutoka juu? Hesabu ya mwisho inakwendaje? Haya kwa kweli yanaeleweka vizuri zaidi kwenye video, maana unasimamisha, unarudia, unauliza mwenzako, unarudia tena. Katika labo yenye kelele asistenti anayasema mara moja, kwa Kifaransa cha haraka, na aliye nyuma anaokota nusu ya maneno.

Usalama ndio unaonifanya niegemee mseto kwa kemia. Asidi ya sulfuri ndiyo inayotiwa ndani ya maji, polepole; maji hayatiwi ndani ya asidi, kwa sababu joto linalotokea huchemsha maji ghafla na kurusha asidi usoni. Mtu anapaswa kulijua hilo kabla ya kuvaa bluzi (koti la labo), si baada. Labo inayokataa kumfungulia mlango asiyefaulu maswali machache kwenye simu usiku wa kuamkia pratiki inamtendea haki kuliko ile inayompokea yeyote. Na huku kwetu asidi hii si hadithi: ndiyo inayoyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye madini katika viwanda vya Likasi na Kolwezi, na vijana wengi wa metalurjia watafanya kazi kando ya matangi yake.

Je, majaribio ya kuigiza kwenye skrini yanafaa? Kuna mradi unaoitwa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni bure, na mengi ya majaribio yake unaweza kuyapakua na kuyatumia bila mtandao. Utafiti wao uliochapishwa 2005 uliwashangaza wengi: wanafunzi waliojifunza sakiti za umeme kwa kuigiza waliwapita waliotumia vifaa halisi, hata walipoambiwa wajenge sakiti halisi. Sababu yake inaeleweka. Kwenye skrini unaona mkondo unavyopita, wakati waya halisi haukuonyeshi kitu. Lakini ile ilikuwa fizikia ya mwanzo, betri na taa. Usiuchukue utafiti huo ukamwambia fundi wa kulehemu au muuguzi kwamba skrini inatosha.

Hospitalini

Hapa naegemea ana kwa ana karibu kabisa, na wanafunzi wa tiba na uuguzi ninaozungumza nao wako upande huo huo.

Kupima presha kunaonekana kazi ndogo. Video itakuonyesha kitambaa kinafungwa wapi, na itakusikilizisha sauti ambazo daktari Mrusi Nikolai Korotkov alizieleza mwaka 1905: ile ya kwanza inayotokea ndiyo namba ya juu, ile inayopotea ndiyo namba ya chini. Unazisikia vizuri kwenye ekuta (spika za masikioni), katika chumba kimya. Kisha unafika kwenye wodi ya Hospitali Jason Sendwe saa tatu asubuhi, mtoto analia, wageni wanaongea, toroli inapita, na sauti ile ile haipo. Sikio linafundishwa na wodi. Vilevile mshipa: ule wa picha ni wa bluu na umenyooka, wa mgonjwa aliyekaukiwa maji unatafutwa kwa ncha ya kidole. Na kuna kile ambacho silabusi haina ukurasa wake, namna ya kusema: «Mama, nitakuchoma kidogo, vumilia kidogo mama», na kusubiri aitikie kwa kichwa kabla ya kutoa sindano.

Hata hivyo staji zetu nazo zina umati. Taasisi kadhaa zinapeleka wanafunzi wao hospitali zile zile, na kitanda kimoja kinazungukwa na bluzi nyeupe nyingi kuliko ndugu wa mgonjwa. Kwa hiyo mseto una kazi yake hata hapa, kwa sharti moja: aje mtu staji akiwa ameshajua hatua kwa mpangilio, na ameshajaribu kwenye mkono wa plastiki, ili nafasi moja anayopewa isiishie kwenye kuuliza glavu ziko wapi.

Njia ya kujua kozi ya tiba inataka nini ni kutazama mtihani wake. Mwaka 1975, Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walichapisha mtihani wa vituo: mwanafunzi anapita kituo baada ya kituo kwa dakika chache, hapa anasikiliza kifua, pale anamweleza mgonjwa dawa, na mtahini anaweka alama kwenye orodha ile ile kwa wote. Kozi inayomaliza hivyo haiwezi kukudanganya kwa muda mrefu. Kozi inayojiita ya pratiki na kumaliza kwa maswali ya kuandika peke yake, iwe ya darasani au ya mseto, inakufundisha kuandika.

Shambani na mgodini

Mwanafunzi wa jiolojia anashika jiwe la kijani, anatia tone la asidi hidrokloriki hafifu, linatoa povu: malakiti, madini ya shaba. Anajifunza kwa mkono uzito wa madini, kwa ukucha ugumu wake. Anapima mwelekeo na mwinamo wa tabaka kwa dira, na anagundua kwamba nyundo ya chuma iliyo kiunoni inapotosha sindano. Kwa kawaida anagundua mbele ya wenzake wanaocheka, na hasahau tena maishani.

Lakini shamba ni ghali na mvua ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Machi njia nyingi za udongo zinakuwa matope, na migodi ina sheria zake: helmeti, buti, orodha ya majina, idadi ndogo ya wageni. Mgodi wa Kipushi, uliosimama 1993 na kurudi kazini 2024, uko yapata kilomita 30 tu kutoka mjini, na bado promosheni nzima haiwezi kushuka chini kwa siku moja. Hapa mseto unasaidia kabla na baada ya safari: ramani na picha za setilaiti unazisoma nyumbani, safari yenyewe unaitumia kupima, na ukirudi unachora kwenye kompyuta. Anayekwenda shambani bila kusoma ramani anashinda siku nzima akiuliza tuko wapi. Kosa ni kuifuta safari na kuleta filamu ya safari ya mwaka jana, huku minervali (ada ya masomo) ikilipwa kamili.

Upimaji wa ardhi unafuata njia hiyo hiyo: hesabu nyumbani, teodoliti (chombo cha kupimia pembe) mikononi.

Kuhusu kompyuta sina mengi. Mseto unashinda, kwa anayemiliki mashine. Asiye nayo na anayeandika programu kwenye simu ya skrini iliyopasuka, chumba cha kompyuta cha chuo ndicho darasa lake, na akatae kuondolewa humo.

Pesa, mega na umeme

Wengi huchagua kwa kuangalia haya, sio namna ya kufundisha, na siwalaumu. Anayekaa kwenye homu (mabweni) za Kasapa, kwenye kampasi, haoni gharama ya kuja darasani. Anayetoka Ruashi, Katuba au ndani ya Kampemba anapanda basi mara mbili kwenda, mara mbili kurudi, na anayetoka Kipushi ndiyo usiseme. Mseto unaonekana nafuu mara moja.

Fanya hesabu yako lakini. Video ya dakika 12 kwa ubora wa chini inakula yapata MB 30. Ile ile kwa ubora wa juu inapita MB 150. Mwalimu anayetuma ubora wa juu kila juma amekupokonya nauli aliyokuokolea. Walimu wazuri hutoa faili mbili, au humpa CP faili kwenye kii ya USB ikasambazwa simu kwa simu bila mtandao. Jukwaa la Moodle, lililotolewa 2002 na Mwaustralia Martin Dougiamas, lina programu ya simu inayokuwezesha kupakua somo mahali penye mtandao na kulisoma baadaye bila mtandao. Uliza kama fakilte yako imeiwasha. Kisha kuna kuran (umeme). Umeme ukikatika siku mbili mtaani kwako, video iko ndani ya simu iliyokufa, na kibanda cha kuchaji nacho kinataka pesa. Silabusi ya karatasi haizimiki.

Mtego mwingine ni horeri. Mseto unaokuita chuoni siku tatu kwa juma, saa mbili kila siku, haujakuokolea nauli hata kidogo. Ule unaokusanya pratiki zote kwenye siku moja ndefu ndio unaompa nafasi mtu wa kazi.

Maoni ya wanafunzi, na kinachopimwa

Maoni tunayasikiliza, lakini yana ujanja wake. Mwaka 2019 watafiti wa fizikia wa Harvard walichapisha jaribio: kundi moja lilisikiliza mhadhara mzuri, jingine likafanya kazi lenyewe darasani kwa kuongozwa. La pili lilifanya vizuri zaidi kwenye mtihani, na lilipoulizwa, likasema linahisi limejifunza machache kuliko lile la mhadhara. Kuhangaika kunaonekana kama kutojua. Kwa hiyo mwenzako wa mwaka jana akikuambia mseto ulimchosha, muulize alichoshwa na mega na jukwaa, au na kufikiri. Ni uchovu wa aina mbili.

Upande wa pili, Wizara ya Elimu ya Marekani ilikusanya tafiti nyingi katika ripoti yake ya 2010 na kuona kwamba waliosoma kwa mseto, kwa wastani, waliwapita kidogo waliosoma darasani peke yake. Ripoti hiyo hiyo ilionya kwamba mara nyingi wa mseto walipata pia muda zaidi na vifaa zaidi. Ndiyo maana siamini anayesema mseto ni bora wenyewe kama mseto. Ukiongeza muda, unasaidia. Ukipunguza muda na kuuita mseto, unaumiza.

Nani achague nini

Kama uko mwaka wa kwanza na hujawahi kuingia labo, chukua ana kwa ana hata kama ni mbali, ilimradi kikundi si kikubwa mno. Mazoea mabaya ya mkono yanayokaa mwaka wa kwanza hayatoki kirahisi. Kama uko mwaka wa mwisho, unafanya kazi mgodini au unafundisha shule asubuhi, au una mtoto wa kunyonyesha, mseto wenye siku moja ya pratiki ndio wako. Mwenye mtoto hasa asikubali kuambiwa hana bidii kwa sababu ameuchagua. Anayerudia kozi ambayo mkono wake ulishaiweza na nadharia ndiyo iliyomwangusha, naye achukue mseto.

Wenzetu wa Goma wanaupima kwa jicho jingine. Mji uliohama Mei 2021 Nyiragongo ulipolipuka, na ulioingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, swali lake la kwanza ni kama masomo yatafuatana na mwanafunzi akikimbia. Kwao mseto mbaya unaweza kuwa bora kuliko darasa lililofungwa, na mimi niliyeko Lubumbashi sina la kuwabishia.

Kabla ya kujiandikisha, muulize asistenti, si katibu wa fakilte: kikundi cha labo kina watu wangapi, na kila mmoja anashika chombo au anashika kalamu? Nikikosa pratiki kwa sababu ya ugonjwa, inarudiwa lini? Maswali ya video yanajibiwa na nani, siku gani? Mtihani wa mwisho ni wa mkono au wa karatasi? Akijibu kwa tarehe na majina ya vikundi, kozi imepangwa, hata ikiwa ya mseto. Akijibu «mutaona mbele», jua kwamba naye bado hajaona.

Na ukijikuta umefungiwa kwenye kozi ya umati bila la kuchagua, mjue laborantini, mtunzaji wa labo. Ndiye anayejua ni saa ngapi za mchana labo iko tupu, ni bureti ipi haivuji, na mara nyingi akiona watu watatu wamekuja na bluzi zao na wameshaisoma pratiki, anafungua.